Fahamu: Kununua trakta mpya Kabalo
Ulaya, mkulima huogopa baridi kali: mazutu hutoa nta na kuziba chujio, betri huishiwa nguvu. Kabalo, kando ya mto Lualaba nchini Kongo, usilipie kifaa cha kupasha injini moto. Adui hapa ni joto, vumbi la kiangazi na mazutu yenye maji. Kila asubuhi legeza kizibo cha chini ya chujio la mazutu, maji yatoke. Safisha chujio la hewa, na rejeta pia, maana mbegu za nyasi huiziba. Kabla ya kulipa, uliza vipuri vitafikaje. Vikija kwa reli ya kutoka Kalemie, iliyokamilika 1915, kumbuka kwamba treni yake haina haraka. Mimi ningechagua trakta ambayo fundi wa mjini ameshawahi kuifungua.