Mashine Kibarua: Kabla Hujachimba Sarafu, Hesabu Stima

Vijana wengi huniuliza kama kompyuta iliyoko mbali yaweza kuwachimbia sarafu za kidijitali huku wao wakiendelea na shughuli zao. Nawajibu kwamba yawezekana. Kisha nami nawauliza: stima analipa nani?

Bitcoin tuiache, siku hizi yachimbwa kwa mitambo maalumu. Tutazame Monero, ambayo tangu Novemba 2019 hutumia hesabu za RandomX, zilizotungwa makusudi ili kompyuta ya kawaida iziweze. Kila dakika 2 hivi, mchimbaji mmoja duniani hupata zawadi ya sarafu 0.6. Peke yako waweza kungoja miaka. Ndiyo maana watu hujiunga na chama cha wachimbaji, wakagawana kwa kadiri ya kazi ya kila mmoja. Haba na haba hujaza kibaba.

Hiyo mashine ya mbali mimi naiita kibarua. Iwe na Linux na memori ya giga 4 au zaidi. Ingia kwa SSH, ukitumia ufunguo badala ya nywila. Weka programu ya XMRig kutoka tovuti ya watengenezaji wenyewe. Ijaze mambo matatu: anwani ya chama, anwani yako ya kupokelea malipo, na jina la kibarua, ili ukiwa na mashine mbili ujue ipi imelala. Kisha ifuatilie kwa simu kwenye ukurasa wa chama.

Maneno ya siri ya mkoba wako yasiguse mashine hiyo kabisa. Kibarua huonyeshwa pa kupeleka mzigo. Hapewi ufunguo wa kasha.

Sasa daftari. Mashine inayokula wati 100 usiku na mchana humaliza yuniti 2.4 kwa siku, yaani 72 kwa siku 30. Zidisha kwa bei ya tokeni zako, ulinganishe na malipo ya chama. Mara nyingi kompyuta ya kawaida hairudishi hata pesa za stima.

Hapo ndipo wengine hushawishika kuiweka programu hiyo kwenye kompyuta za ofisi, shule au saiba bila ruhusa. Huo ni wizi, na sheria ya uhalifu wa kompyuta ya 2018 yakataza kuingilia mashine ya mtu. Hata mashine za kukodi, kampuni nyingi hazitaki uchimbaji. Soma masharti kwanza.

Hesabu ikikataa kwa stima unayolipa mwenyewe, ikakubali kwa ya mwingine, basi hiyo si faida. Ni pesa ya mwenzako.