Kikaguzi Kinaona Nafasi, Hakioni Maana

Programu ya mwanafunzi inaweza kutoa jibu sahihi na bado ikawashinda wengine kuisoma. Mwalimu mwenye darasa la mamia hawezi kupitia kila mstari, ndiyo maana vyuo vingi vimeikabidhi mashine kazi ya kukagua mtindo.

Kazi hiyo si ngeni. Mwaka 1978, Stephen Johnson wa Bell Labs, Marekani, aliandika lint, programu ya kupekua msimbo wa lugha ya C na kuonyesha sehemu za kutiliwa shaka. Kwa Python, kipimo kikuu ni PEP 8, mwongozo wa mwaka 2001 ulioanzishwa na Guido van Rossum, mbunifu wa lugha hiyo, na wenzake: mstari usizidi herufi 79, kila ngazi ya ndani isogezwe nafasi 4.

Kikaguzi hakihitaji kuiendesha programu. Hukata maandishi yake vipande vipande, yaani majina, namba na alama, na vikaguzi vya kina huvipanga vipande hivyo kama mti unaoonyesha kipi kimo ndani ya kipi. Hapo ndipo jina lililotangazwa bila kutumika hugunduliwa.

Tuchukue mwanafunzi aliyeandika def f(a,b): na chini yake return a*b. Kikaguzi kiitwacho pycodestyle kitalalamika kwamba hakuna nafasi baada ya mkato. Akiiweka, kinanyamaza. Lakini f inafanya nini? Angeandika def mshahara(saa, malipo_kwa_saa), msomaji asingehitaji kuuliza. Vipo vikaguzi vinavyokataa majina mafupi mno, ila hata hivyo vitaipokea data1 bila kinyongo.

Kwa hiyo sikubaliani na kumkata mwanafunzi alama kwa kuhesabu maonyo tu. Anayeanza akimwagiwa maonyo arobaini, mengi ya nafasi, lile moja la maana litampita. Afadhali aonyeshwe machache, kwa lugha anayoielewa, kabla hajawasilisha kazi. Somo la CS50 la Harvard lina style50, inayomwonyesha mwanafunzi mahali pa kuongeza nafasi na pa kuondoa, akarekebisha mwenyewe.

Mambo ya nafasi na mikato tuiachie mashine. Nanyi walimu, muda mtakaookoa hapo, kaeni na mwanafunzi mpitie majina aliyochagua, awaeleze kila moja linabeba nini.