Ufunguo mpya haufungui sanduku la zamani

MWEZI wa Januari, siku chache kabla ya shule kufunguliwa, nilipigiwa simu na mwanafunzi wangu wa zamani ambaye siku hizi anasimamia kompyuta katika chama kimoja cha ushirika wa maziwa hapa Nakuru.

"Shikamoo mwalimu. Leo tumekwama kabisa," alianza. "Wakulima wote waliojiandikisha kabla ya Novemba hawalipiki. Nambari zao za akaunti zimekataa kufunguka. Wale wapya wako sawa tu."

"Marahaba. Kwani mlifanya nini mwezi huo wa Novemba?"

"Si tulibadilisha funguo vile mwongozo unasema? Ile ya zamani tukaizima. Imeandikwa hapo mwalimu, isitumike tena."

Nilinyamaza kidogo. Mwongozo huo niliuhariri mimi. Nakumbuka rasimu ilisema "funguo ya zamani isitumike tena", nami kwa madaha nikaandika "ufunguo wa zamani usitumike tena". Nilisahihisha nomino, nikaliacha kosa kubwa kwenye kitenzi. Sasa wazazi wa Njoro, Bahati na Subukia walikuwa wakingoja malipo ya maziwa ili walipe karo.

Tuanze na istilahi. Kusimba data ni kuigeuza iwe maandishi yasiyosomeka ila kwa mwenye ufunguo. Wafasiri wa programu za simu huiita kazi hiyo usimbaji fiche. Kuirejesha data katika hali ya kusomeka ni kusimbua. Ufunguo wenyewe si nywila. Nywila humtambulisha mtu mlangoni. Ufunguo ni nambari ndefu mno, iliyochaguliwa na kompyuta kibahati nasibu, ambayo huingia katika hesabu inayoivuruga data yenyewe.

Simba na simbua ni jozi ya kauli ya kutendua, sawa na funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua, fumba na fumbua. Kauli hii haianzishi tendo jipya. Hurudisha nyuma tendo lililokwisha kufanyika, na hulitegemea tendo lile lile. Huwezi kukunjua mkeka ambao haukukunjwa. Vivyo hivyo, katika usimbaji unaotumiwa kuhifadhi rekodi, data husimbuliwa kwa ufunguo ule ule uliotumiwa kuisimba, si kwa ndugu yake mdogo.

Tatizo ni kwamba tukisikia "badilisha ufunguo" tunawaza mlango. Mwenye duka akishuku kwamba kijana aliyeacha kazi aliondoka na ufunguo, hununua kufuli jipya. Ule ufunguo wa awali unageuka chuma tupu. Hata ukitupwa jaani hakuna hasara. Lakini data iliyosimbwa haifanani na duka lenye mlango mmoja. Inafanana na stoo yenye maelfu ya masanduku, kila moja likiwa na kufuli lililofungwa siku lilipojazwa. Ukinunua aina mpya ya kufuli leo, utafunga masanduku ya leo na ya kesho. Ya mwaka jana bado yana makufuli ya mwaka jana.

Ndiyo maana mifumo mizuri haiutupi ufunguo inapoubadilisha. Hubakisha jina moja na kuongeza toleo: la kwanza, la pili, la tatu. Toleo jipya ndilo linalosimba, ila matoleo yote hubaki tayari kusimbua. Kila data hubandikwa alama ya toleo lililoisimba. Programu ya Vault ya kampuni ya HashiCorp, kwa mfano, huanza maandishi yaliyosimbwa kwa alama "vault:v1:", na ufunguo ukibadilishwa, yanayofuata huanza kwa "vault:v2:". Huduma ya kutunza funguo ya Amazon nayo huhifadhi matoleo ya awali inapobadilisha ufunguo yenyewe. Mteja akiagiza ufunguo ufutwe kabisa, husubirishwa kati ya siku 7 na 30, asije akajuta.

Hapa umoja na wingi vina kazi. Mitaani twasema "nipe funguo ya gari", na hakuna anayepotea njia. Lakini katika kompyuta, anayesema "funguo yetu" huona kitu kimoja kilichochukua nafasi ya kingine, ilhali mkononi ana shada zima la funguo, zote zikihitajika.

Je, ofisi ikikwama ianzie wapi? Mwanafunzi wangu alinifundisha swali moja la kuuliza kabla ya kugusa chochote: ni data ipi inayokataa?

Ikikataa ya zamani pekee, toleo la zamani limefutwa, limezimwa, au mfumo umewekewa kiwango cha chini cha toleo linaloruhusiwa kusimbua. Ikikataa mpya pekee, tena kwenye seva moja na si nyingine, basi seva hiyo ingali na orodha ya funguo ya jana katika kumbukumbu yake. Toleo jipya halijaifikia. Isomeshwe orodha upya. Ikikataa yote kwa ghafla, huenda programu imeelekezwa kwa ufunguo wa jina jingine, labda ule wa majaribio. Ikikataa moja hapa na moja pale bila mpangilio, shuku data iliyokatwa au kuharibika ilipohifadhiwa. Na ikikataa baada ya kurejesha nakala ya akiba, kumbuka kwamba nakala ya miaka miwili iliyopita huhitaji funguo za wakati wake.

Swali hilo lina maana kwa sababu ujumbe wa kompyuta hausaidii sana. Mbinu ya AES, iliyoidhinishwa na serikali ya Marekani mwaka wa 2001, mara nyingi hutumiwa kwa utaratibu uitwao GCM, ambao huipa kila data muhuri. Wakati wa kusimbua, muhuri hukaguliwa. Usipolingana, mfumo husema tu kwamba umeshindwa. Ufunguo usio wake na data iliyochezewa hupata jibu lile lile. Ndipo watu hukurupuka na kudai wamevamiwa na wadukuzi, kumbe ni wao wenyewe walioweka ufunguo wa kale kando.

Na ufunguo ukipotea kweli, hakuna fundi wa kuitwa. Mwaka wa 1883, Auguste Kerckhoffs, Mholanzi aliyekuwa akifundisha lugha nchini Ufaransa, aliandika kwamba mfumo wa siri haufai kudhurika hata adui akiujua wote. Kinachopaswa kufichwa ni ufunguo tu. Nafurahi kwamba kanuni hiyo ilitoka kwa mwalimu wa lugha. Lakini ina upande wake mchungu. Mwenye mali naye, akiujua mfumo wote na asiwe na ufunguo, hana tofauti na mwizi.

Sheria pia inahusika. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inataja usimbaji wa data ya kibinafsi miongoni mwa hatua za ulinzi. Mahali hapo hapo inataja uwezo wa kuirejesha data hiyo ipatikane kwa wakati hitilafu inapotokea. Kwa hiyo aliyesimba vizuri kisha akashindwa kusimbua ametimiza nusu ya wajibu.

Bahati yetu ilikaa katika kitenzi kingine. "Mlizima au mlifuta?" nilimwuliza kijana wangu.

"Tulizima tu mwalimu. Kufuta niliogopa."

Kuzima hutenduliwa kwa kuwasha. Kufuta hakuna mwenzake wa kutendua, si katika sarufi wala katika seva. Jioni ile aliliwasha toleo la zamani kwa kusimbua pekee, na malipo yakatoka kesho yake. Siku zilizofuata alisimbua rekodi za zamani kwa toleo la kale na kuzisimba upya kwa toleo jipya, huku akihesabu hadi isibaki hata moja yenye alama ya kale.

Mimi nilirudi kwenye sentensi yangu. "Kutumia" ni kitenzi kipana mno kwa kazi hii, maana ufunguo una matumizi mawili na mwongozo ulikusudia kukataza moja tu. Sasa inasomeka hivi: "Ufunguo wa zamani usisimbe data mpya. Ubaki wa kusimbua hadi data yote ya toleo lake isimbwe upya, na nakala za akiba zinazoutegemea ziishe muda wake." Ni ndefu, lakini kila kitenzi kinabeba mzigo wake. Ningewasihi wahariri wenzangu wanaoletewa miongozo ya kiufundi wasiishie kwenye upatanisho wa kisarufi kama mimi. Waulize kila kitenzi: nani atafanya nini, kwa kitu kipi, hadi lini?

Nilimtumia mwanafunzi wangu maandishi hayo. Aliyasoma kisha akapiga simu.

"Na tukishamaliza yote hayo mwalimu, ndiyo tufute?"

Nikamwambia tuongeze mstari mmoja: wafute watu wawili, waliohesabu pamoja.