Vipele au mguu kuvimba baada ya Korona au chanjo: hesabu siku, kisha angalia ngozi

Julai 28, 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam, na kampeni ya chanjo ya Korona ikaanza nchini. Chanjo ya kwanza kutumika ilikuwa Janssen ya kampuni ya Johnson & Johnson, sindano moja tu. Hadi leo, mtu akitokwa na vipele au mguu ukivimba, wapo wanaouliza: si ile chanjo? Tueleze hatua kwa hatua.

Kwanza, virusi vyenyewe hugusa ngozi na damu. Kuanzia mwaka 2020, madaktari wa Ulaya na Marekani waliona wagonjwa, hasa vijana, wenye vidole vya miguu vilivyovimba, vinavyowasha na kubadilika rangi. Kwa mtu mweupe vilikuwa vyekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi huonekana zambarau au vyeusi zaidi. Kwa kawaida hali hiyo huisha yenyewe baada ya wiki chache. Kubwa zaidi ni damu kuganda. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu huendelea hadi miezi 3 baada ya kuugua Korona, na kwenye mapafu hadi miezi 6.

Pili, chanjo. Maumivu na uvimbe pale sindano ilipoingia, homa na uchovu wa siku moja au mbili ni maudhi madogo. Mtoto aliyechanjwa surua na rubela, chanjo ya miezi 9 na 18, anaweza kupata homa na vipele vyepesi siku ya 7 hadi ya 10, kisha vikapotea.

Janssen ilikuwa na tatizo moja zito lakini adimu. Nchini Marekani lilihesabiwa kwa takriban watu 4 katika kila dozi milioni moja. Kinga ya mwili hushambulia kimakosa na kuziamsha chembe sahani, zile zinazoziba kidonda kisitoke damu. Damu huganda isipotakiwa, chembe hizo huisha, na mtu huanza kuvuja damu chini ya ngozi. Dalili zilijitokeza ndani ya wiki chache tangu sindano. Kwa hiyo aliyechanjwa mwaka 2021 na anawashwa leo atafute sababu nyingine: upele, fangasi, mzio au mkanda wa jeshi.

Ukiona madoa madogo, chukua bilauri ya kioo angavu, ukandamize juu yake. Yakififia, ni vipele vya kawaida. Yasipofifia, ni damu iliyovuja. Kwenye ngozi nyeusi, angalia pia viganja, nyayo, ndani ya kope la chini na kaakaa la mdomo.

Nenda kituo cha afya mara moja ukiona:

- madoa yasiyofifia, au fizi na pua kutoka damu;
- mguu mmoja kuvimba na kuuma, hasa kwenye shavu la mguu;
- kifua kuuma au pumzi kukatika;
- kichwa au tumbo kuuma sana bila kupoa;
- uso, midomo au ulimi kuvimba muda mfupi baada ya sindano.

Mguu mmoja ukivimba ghafla, usiukande kwa maji ya moto wala kuusugua. Pande la damu linaweza kung'oka na kusafiri hadi mapafuni, na hilo huua. Usichanje chale, usisubiri mganga amtafute aliyetuma jini. Mwenye madoa ya damu asimeze aspirini wala diklofenaki, kwa sababu huongeza kuvuja damu.

Ukifika zahanati, sema tarehe uliyougua au kuchanjwa, na beba kadi ya chanjo. Mhudumu ataweza kutoa taarifa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Kabla ya kuondoka nyumbani unaweza pia kupiga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Lakini kama pumzi inakatika, usipoteze muda kwenye simu: tafuta bodaboda au gari, mgonjwa aende.