Samaki wa Tanganyika ndani ya kioo: nani akae na nani?

UVIRA, Kivu Kusini – Kijana wa Nyamianda akitaka kufuga samaki nyumbani kwa kuwatazama, si kwa sufuria, hana haja ya kuagiza kitu ng'ambo. Ziwa liko hapo chini ya mtaa. Lakini akikamata samaki kumi wa aina mbalimbali na kuwatia pamoja katika akwariamu, yaani sanduku la kioo lenye maji, asishangae baada ya wiki mbili kubaki na watatu, na mmoja kati ya hao watatu akiwa hana mkia.

Sababu si maji machafu tu. Samaki wana ujirani wao, na ujirani huo una masharti.

Duniani, samaki mdogo anayejulikana zaidi kwa ugomvi ni betta. Asili yake ni Thailand na nchi jirani, ana mapezi marefu kama kitenge kwenye upepo, na mwaka 2019 serikali ya Thailand ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Madume wawili wakikutana katika kioo kimoja watapigana mpaka mmoja aumie vibaya au afe. Kwa hiyo wenye kumfuga humweka peke yake, au humpa wenzake wadogo na wapole, wenye mapezi mafupi, wasio na rangi za kumchokoza, hasa wale wanaotafuta chakula chini kwenye mchanga. Konokono pia hamsumbui sana. Anayemtesa betta ni samaki mwenye tabia ya kung'ata mapezi ya wengine, na anayemchokoza ni yule anayefanana naye.

Kuna watu wanaofikiri kwamba mkali dawa yake ni mkali mwenzake, basi betta atawezana na samaki wa Tanganyika. Hapana. Kabla hata ya kupigana, maji yenyewe yanawatenga. Betta hutoka katika maji laini ya mashamba ya mpunga na mabwawa, yenye pH ya kati ya 6 na 7.5. Maji ya ziwa letu ni mazito kwa madini na pH yake hukaribia 9. Maji yanayomfurahisha mmoja humchosha mwingine. Tena betta huvuta hewa juu ya maji kwa kiungo maalumu kichwani, ndiyo maana anaweza kuvumilia maji yaliyotulia. Samaki wa mawe wa Tanganyika wamezoea mawimbi na maji yenye hewa nyingi. Umeme ukikatika usiku na mashine ya kupuliza hewa ikasimama, betta ataona asubuhi, wao pengine hawataiona. Mkaaji wa Uvira anajua umeme wetu ulivyo, basi ahesabu hilo kabla ya kununua kioo.

Maji ya bidoni

Huko Ujerumani mfugaji wa samaki wa Tanganyika huongeza chumvi za madini katika maji ya bomba ili yafanane na ya ziwa letu. Sisi tunayachota bure kwa bidoni. Maji ya Regideso mjini Uvira hutoka mto Mulongwe na hutiwa klori, na klori huua samaki. Ukilazimika kuyatumia, yaache siku moja au mbili katika chombo kilicho wazi kabla ya kuyamimina. Lakini mto si ziwa, madini yake ni tofauti. Maji ya ziwa ni bora kwa samaki wa ziwa, mradi usiyachote kwenye mdomo wa mto baada ya mvua, wakati yamekuwa mekundu kwa udongo. Na kwa kuwa kipindupindu hakijauhama mji huu, mtu anayetia mikono katika kioo anawe kwa sabuni, na watoto wasichezee maji hayo.

Tuje kwa samaki wenyewe. Upande wa Kavimvira, karibu na delta ya Ruzizi, ufuko ni mchanga na matope. Mawe makubwa huanza unapoelekea kusini kwenye barabara ya Fizi, na huko ndiko waliko samaki ambao dunia inawatafuta. Ziwa lina aina zaidi ya 200 za siklidi, ambazo karibu zote hazipatikani kwingine kokote duniani. Sokoni tunawajua mukeke, ndagala, sangala, kuhe. Hawa wadogo wa mawe, wenye urefu wa kidole au kiganja, wengi wetu hatuna hata jina la kuwaita.

Wageni ndio waliowapa majina. Mwaka 1946 na 1947 msafara wa watafiti wa Ubelgiji ulizunguka ziwa lote, na Max Poll akaandika habari za samaki waliopatikana. Baadaye Georges Marlier alifanya kazi katika kituo cha IRSAC hapa Uvira, mahali palipozaa kituo cha leo cha CRH, Centre de Recherche en Hydrobiologie. Mwaka 1959 Marlier ndiye aliyeeleza Tropheus duboisi, samaki ambaye akiwa mtoto ni mweusi mwenye vitone vyeupe kama nyota, na akikua kichwa kinageuka samawati na mkanda mweupe au wa njano unapita mwilini. Jina la Marlier mwenyewe limebaki kwa samaki mwingine, Julidochromis marlieri. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre Brichard alihamia Bujumbura na kuanza kusafirisha samaki hao wakiwa hai kwa ndege. Kitabu chake kuhusu samaki wa ziwa kilitoka mwaka 1978, na kingine kikubwa zaidi mwaka 1989.

Ndiyo maana leo mtu wa Ulaya ambaye hawezi kuonyesha Kivu Kusini kwenye ramani anaweza kukuambia kwamba ana «Bemba» kumi na tano nyumbani kwake. Anamaanisha Tropheus weusi wenye mkanda wa rangi ya machungwa, walioitwa kwa kijiji cha Pemba kusini mwa Uvira. Mwingine atakuambia ana «Kiriza», kutoka rasi ya Ubwari katika teritware ya Fizi. Mwingine «Moba». Vijiji vyetu vimekuwa majina ya biashara. Wafugaji wa huko wamejifunza kuwazalisha samaki hao wenyewe, na kila kizazi kinachozaliwa katika kioo cha Ulaya ni samaki ambaye hakununuliwa tena kwenye ufuko wetu. Jina limebaki la kijiji, feza haifiki kijijini.

Mgumu kuliko wote

Kati ya wote, Tropheus ndiye anayewashinda wengi. Ziwani kila mmoja ana sehemu yake ya jiwe, ambako hukwangua mwani kwa meno. Jirani akikaribia, anafukuzwa. Ziwani aliyefukuzwa ana mahali pa kukimbilia, nyuma ya jiwe lingine, na ugomvi unaisha. Katika kioo hakuna nyuma ya jiwe lingine. Ukiweka watatu au wanne, mkubwa atamchagua mmoja na kumpiga mpaka afe, kisha atamchagua wa pili.

Dawa yake inashangaza: waongeze. Wafugaji wenye uzoefu huweka kumi na tano au ishirini pamoja, katika kioo cha lita 300 au zaidi, wote wa aina moja na wa ufuko mmoja, wote waingie siku moja. Hapo hasira ya mkubwa inagawanyika kwa wengi na hakuna anayebeba yote. Ukija mwezi ujao na mgeni mmoja peke yake, umemleta kufa. Ukikosa namna na ni lazima umwongeze, panga upya mawe yote kwanza, ili hata wenyeji wawe wageni siku hiyo.

Usichanganye Tropheus wa fuko mbili. Ziwani mchanga mrefu kati ya mawe na mawe umewatenga kwa miaka mingi sana, kwa sababu hawapendi kuvuka mahali pa wazi. Kila ufuko ukapata rangi yake. Katika kioo wanazaana, na watoto wanatoka na rangi isiyo ya Pemba wala ya Kiriza. Hakuna atakayewataka.

Chakula nacho kina ugomvi wake. Utumbo wa Tropheus ni mrefu, umetengenezwa kwa majani ya majini. Mtu akimhurumia na kumpa unga wa ndagala au vipande vya nyama, tumbo linavimba na samaki anakufa, mara nyingi kundi zima likifuatana. Kwa hiyo hawezi kuwekwa na samaki wala nyama, hata kama hawapigani kamwe, maana wanakula sahani moja.

Anayeweza kukaa naye vizuri ni Eretmodus, samaki mdogo wa mahali mawimbi yanapopasuka, ambaye hutambaa juu ya mawe badala ya kuogelea na hula mwani kama yeye. Lakini weka jozi moja tu.

Kwa anayeanza, ushauri wa mwandishi huyu ni kuwaacha Tropheus kwanza na kuanza na samaki wa makombe. Ziwani kuna maeneo yaliyojaa makombe matupu ya konokono aitwaye Neothauma, na siklidi wadogo sana wanaishi na kuzaa humo. Kioo cha lita 60, mchanga, na makombe mengi kuliko idadi ya samaki, vinawatosha. Kila jike na kombe lake. Mchezo wao wa kuchimba mchanga unafurahisha kuliko televisheni. Ila usimchukue Lamprologus callipterus kwa kudhani ni mdogo kama wenzake: dume lake hukusanya makombe kwa mdomo, hata ya majirani, na huwa zito zaidi ya mara kumi kuliko jike.

Brichardi, mwenye mkia kama mwezi mwandamo, ana tatizo la aina nyingine. Wafanyabiashara walimpa jina la binti mfalme wa Burundi, ingawa hakai Burundi tu. Jina lilikwenda kwa waliopanda ndege mapema. Ni mzuri na mpole akiwa mgeni. Lakini jozi ikizaa, watoto wakubwa hubaki nyumbani kusaidia kulinda wadogo zao, na baada ya mizazi mitatu au minne ukoo mzima unasukuma kila mtu kwenye kona. Wafuge peke yao.

Kanuni inayosaidia zaidi ni ya ghorofa. Cyprichromis huogelea katikati na juu, makundi makundi. Julidochromis, wakiwa jozi, hukaa katika nyufa za mawe. Wa makombe hukaa kwenye mchanga. Hao watatu katika kioo kirefu cha mita moja na nusu wanaweza kuishi miaka bila kugombana sana, kwa sababu hakuna anayetaka kitanda cha mwingine. Usimwongeze frontosa, yule mwenye kichwa chenye nundu. Ni mtulivu mchana, lakini ziwani huwala Cyprichromis wakati wa giza wakiwa wamelala, na katika kioo atafanya hivyohivyo.

Wageni wabaya

Wawili wanahitaji tahadhari ya pekee. Wa kwanza ni kambare mdogo mwenye madoa, Synodontis multipunctatus. Hapigani na mtu, ndiyo maana wengi humpenda. Lakini mwaka 1986 mtafiti Mjapani Tetsu Sato alionyesha kwamba kambare huyo hutaga mayai yake pale samaki anayelea mayai mdomoni anapotaga. Mama huyaokota yote kwa pamoja. Watoto wa kambare huanguliwa mapema na kula watoto wa mwenye mdomo.

Wa pili ni Perissodus microlepis, anayekula magamba ya wenzake. Mdomo wake umepinda, wengine kulia, wengine kushoto. Wa kulia hushambulia ubavu wa kushoto, wa kushoto ubavu wa kulia. Michio Hori alichapisha utafiti huo mwaka 1993 baada ya kazi ya miaka mingi kaskazini mwa ziwa, eneo letu hili, ambako Wajapani walishirikiana na watafiti wa Uvira. Ajabu yake ni kubwa, lakini katika kioo hakuna jirani anayemfaa.

Wakati tunapanga nani akae na nani ndani ya kioo, nje kuna jambo linalowatoa wote. Milima juu ya Uvira imepoteza miti, na mvua ikinyesha Mulongwe na Kalimabenge hushusha udongo. Udongo ukitua juu ya mawe unafunika mwani. Tangu mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake walionyesha kwamba mahali palipopokea udongo mwingi pana aina chache zaidi za viumbe. Tropheus hawezi kuvuka mchanga kwenda kutafuta jiwe jingine.

Basi anayekamata achukue wachache, na asigeuze mawe yote ya ufuko mmoja kwa ajili ya feza ya wiki moja. Akichoka kufuga, samaki waliokaa peke yao na wenzao wa mahali pamoja, wenye afya, warudishwe kwenye mawe yaleyale walikotolewa, si Kalundu kwa sababu ni karibu. Lakini kama waliwahi kuguswa na maji ya betta au ya samaki yeyote aliyetoka ng'ambo, wasirudi ziwani kabisa, wala maji yao yasimwagwe mtoni. Apewe mfugaji mwingine mwenye kioo.