Vijumba Vitokavyo Kiwandani

Tupitapo katika vitongoji vya miji yetu hatukosi kuona kuta zilizosimama bila ya paa, majani yameota vyumbani na nondo zimeshika kutu. Mwenyewe alianza na vyumba sita, fedha zikamwishia kwenye linta. Mke na watoto wangali katika chumba cha kupanga, na kila mwezi kodi yaondoka. Hatumcheki, kwani wengi wetu tumeipita njia hiyo hiyo. Basi si ajabu vijana wanaooa siku hizi kuvutwa na picha za vijumba viundwavyo kiwandani, vyenye kuta nyeupe, madirisha mapana na vyombo vichache, ambavyo huambiwa vyasimamishwa kwa siku chache tu. Tumeonelea vyema tulitazame jambo hili kwa utulivu, tukianza na habari za waliolijaribu kabla yetu.

Vita Vikuu vya Pili viliiacha Uingereza na mitaa mizima iliyovunjwa kwa mabomu, na askari walikuwa wakirudi kwa wake zao pasipo mahali pa kulaza kichwa. Mwaka 1944 Bunge la huko likapitisha sheria ya nyumba za muda, na hadi mwaka 1949 zilikuwa zimejengwa nyumba 156,623. Baadhi ya viwanda vilivyokuwa vikiunda ndege za vita viligeuzwa viunde nyumba za alumini. Kila nyumba ilitoka kiwandani katika vipande vinne, mabomba na nyaya za umeme zimekwisha kutiwa, ikapakiwa juu ya malori na kwenda kuunganishwa penye msingi uliokuwa ukiingoja.

Eneo lake lilikuwa kiasi cha mita za mraba 60 tu, lakini lilikuwa limefikiriwa. Jiko na bafu vilipakana ili mabomba yawe mafupi na maji ya moto yafike upesi. Makabati yalijengwa pamoja na nyumba, na jikoni mlikuwamo jokofu, kitu ambacho siku zile nyumba nyingi za Waingereza hazikuwa nacho. Mama aliyezoea kwenda choo cha uani katika baridi na mvua alikikuta sasa kimo ndani. Nyumba hizo zilikusudiwa kukaa miaka kumi au zaidi kidogo. Huko Catford, London, palikuwa na mtaa wa nyumba 187 za namna hiyo, nao ulidumu zaidi ya miaka sitini. Wakubwa wa mji walipotaka kuubomoa, wako wakazi waliopinga kwa nguvu zote, na mwaka 2009 nyumba sita kati ya hizo ziliandikwa kuwa za kuhifadhiwa.

Hata hivyo tusisifu kupita kiasi. Gharama za nyumba zile za alumini zilizidi mno makadirio, na kuta zake nyembamba hazikuwa ngao kubwa penye baridi kali.

Bara letu nalo lina kisa chake. Fundi mashuhuri wa Kifaransa, Jean Prouvé, aliunda nyumba za chuma na alumini kwa ajili ya nchi za joto. Tatu zilisimamishwa kati ya 1949 na 1951, moja Niamey na mbili Brazzaville. Paa lake lilikuwa la tabaka mbili ili hewa ya moto ipande na kutoka, na vipande vyake vilipimwa kwa kadiri ya kubebwa na watu wawili. Akili hiyo ilikuwa njema, lakini wateja hawakupatikana: bei haikuwa rahisi kuliko ya nyumba ya kawaida, wala Wafaransa waliokusudiwa kukaa humo hawakuupenda umbo lake. Mwaka 2007 mojawapo iliuzwa mnadani New York kwa karibu dola milioni tano. Kitu kilichoundwa kiwe makazi ya gharama nafuu kimekuwa pambo la matajiri!

Na sisi watu wa pwani, je, jambo hili ni geni kwetu? Wazee waliojenga nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Unguja waliupima upana wa chumba kwa urefu wa boriti ya mkoko, na boriti zikiuzwa kwa korija, zimekwisha kukatwa kwa vipimo vilivyojulikana hata Arabuni. Ndiyo sababu chumba kilikuwa chembamba. Vyombo viliwekwa katika zidaka za ukutani, na mgeni akapokewa barazani asipenye ndani. Tena hatuna haja ya kuwakumbusha wasomaji wetu vyumba vya Bwana Mtume (s.a.w.) pale Madina, ambavyo Hasan al-Basri amepokewa akisema kuwa alipokuwa kijana aliweza kuigusa dari yake kwa mkono.

Lakini udogo una mipaka yake. Huko Marekani kanuni ya ujenzi ya mwaka 2018 ilikihesabu kijumba kuwa nyumba isiyozidi mita za mraba 37. Hiyo yatosha mtu na mkewe. Watakapokuja watoto wa kiume na wa kike, wanaopaswa kutengwa malazi wakikua, na mama mkwe akija kukaa mwezi mzima, picha ile nzuri itageuka. Kijana anayetaka kununua na aulize kwanza: paa likivuja, ni nani wa kulitengeneza? Vipande vya badala vyapatikana wapi? Adhuhuri ya Januari joto lake likoje? Huko Tokyo jumba la Nakagin lilijengwa mwaka 1972 kwa vijumba 140, vilivyokusudiwa kubadilishwa kimoja kimoja baada ya miaka 25. Havikubadilishwa hata mara moja, na mwaka 2022 jumba likabomolewa.

Sisi twaona kwamba yaliyo bora katika vijumba hivi ni ule mpango wake kuliko mashine iliyoviunda, na mpango hauhitaji kuletwa kwa meli. Mwenye fedha za vyumba viwili na ajenge viwili, jiko na choo vikiwa ukuta mmoja, akivimalize hadi rangi na kuhamia. Ukuta wa nyuma na uachiwe nafasi ya mlango, linta yake ikiwa imekwisha kutiwa, ili chumba cha tatu kikijaliwa kisilazimu kubomoa.