Namba 30,240 katika Somo la Mirathi



Ndugu wanafunzi na wazazi, katika elimu ya faraidhi yapo mas-ala mashuhuri yaitwayo Mas-ala ya Mtihani. Mtu amefariki akaacha wake 4, mabinti 5, mabibi 7 na ndugu wa kiume 9 wa baba mmoja. Msiulize mabibi saba walio hai atawapata wapi, maana mas-ala haya yametungwa kupima akili.

Asili ya mas-ala ni 24. Wake wana thumni, yaani mafungu 3. Mabinti wana theluthi mbili, mafungu 16. Mabibi wana sudusi, mafungu 4. Fungu 1 lililobaki ni la ndugu, kwa kuwa wao ni asaba. Hapo ndipo tatizo linapoanza: 3 haigawanyiki kwa 4, wala 16 kwa 5, wala 4 kwa 7, wala 1 kwa 9.

Nilipowapa wanafunzi swali hili, mmoja alikimbilia kikokotoo, akakata jibu kwenye desimali mbili. Kila mke akapata 0.03, kila binti 0.13, kila bibi 0.02, na kila ndugu 0.00. Tazameni! Ndugu tisa wamenyimwa haki yao kwa kubonyeza kitufe. Tena jumla yake ni 0.91 tu. Na huku kwetu Nachingwea na Ruangwa tunarithishana mikorosho. Kama mali ni korosho kilo 3,024, basi zaidi ya kilo 272 zimebaki ghalani hazina mwenyewe.

Wanazuoni hawakukata kitu. Waliziangalia idadi za warithi, 4, 5, 7 na 9, wakaona hakuna mbili zenye kigawo cha shirika zaidi ya 1. Wakazizidisha zote, ikapatikana 1,260. Kisha 1,260 mara 24 ni 30,240. Hiyo ndiyo tas-hihi, na ni namba ndogo kuliko zote inayompa kila mrithi mafungu kamili: mke 945, binti 4,032, bibi 720, ndugu 140. Kwa korosho zetu, fungu moja ni gramu 100, hivyo mke ana kilo 94.5, binti 403.2, bibi 72 na ndugu 14. Jumlisheni wenyewe, haipungui hata punje.

Namba hii ina maajabu mengine. Inagawanyika kwa kila namba kuanzia 1 hadi 10. Ina vigawo 96, na ukivijumlisha vyote pamoja na yenyewe unapata 120,960, ambayo ni 30,240 mara 4 kamili. Hakuna namba ndogo kuliko hiyo yenye sifa hii ya mara nne. Descartes, Mfaransa, aliitambua sifa hiyo katika miaka ya 1630, akiwa katika utafiti wa namba tupu, wala si wa mirathi.

Zoezi la nyumbani: wake wawe 2 badala ya 4, wengine wabaki vilevile. Tas-hihi yake ni 15,120. Onesheni njia.